Mshale Mdogo kwenye Kona

Mama Nsimire aliileta imefungwa kitenge,
kama mtoto aliyechomwa sindano na homa ikarudi.
Alishuka nayo ngazi zote za Kadutu,
akaiweka mezani kwangu, kati ya chuma cha kulehemu
na sahani ya sambaza niliyokuwa sijaimaliza.
"Yenyewe inasema haina kitu," akasema.
"Lakini tazama."

Nikatazama.
Januari, Februari, Machi: kila folda ya maternite
ilivaa mshale mdogo kwenye kona.
Ukibofya inafunguka kweli, majina yanakuja,
ila kuna kitu cheusi kinapepesa kwanza,
haraka kuliko jicho,
kama mtu anayepita dirishani wakati unasali.

Programu ya kinga ilizunguka saa moja na nusu.
Ikahesabu faili laki mbili na zaidi,
ikatoa alama yake ya kijani: Uko salama.
Nawajua walinzi wa namna hiyo.
Wana picha za wezi wa mwaka jana;
mwizi wa leo wanampigia saluti.

Siku ya kwanza nilifuta. Ikarudi.
Siku ya pili nilifuta, nikazima, nikawasha.
Ikarudi, na Aprili nayo ikavaa mshale.
Mama Nsimire akapiga simu: ofisi ya serikali
inahesabu siku tisini za cheti, haihesabu virusi.
Usiku umeme ukakatika, nikabaki macho gizani.
Ukiiuliza kompyuta iliyorogwa kama imerogwa,
anayejibu ni nani?

Siku ya tatu sikuiwasha kwa moyo wake.
Niliiamsha kwa diski ya pembeni, mfumo mwingine,
mgeni asiyejua uongo wa nyumba ile.
Nikaingia wenyeji wamelala.
Nikaamuru kila kilichofichwa kijionyeshe,
na hapo, jamani,
watoto.

Folda za kweli, zote, rangi hafifu, zimekaa kimya.
Ashuza, kilo tatu na gramu mia.
Iragi, aliyezaliwa njiani, mvua ya Februari.
Msichana wa Cimpunda, jina bado.
Hakuna aliyefutwa.
Walifungiwa chumba cha nyuma
na mlangoni ukasimamishwa mshale.

Mwizi alikuwa na jina la mtu wa nyumbani,
faili ya mfumo kabisa, herufi kwa herufi,
isipokuwa sifuri mahali pa O.
Kilobaiti kumi na nne. Uzito wa barua ya kuomba likizo.
Na pembeni yake, saa: kila dakika kumi, mwamshe.
Siku mbili nilimfukuza yeye
na saa nikaiacha ukutani.
Safari hii nilianza na saa.

Mama Nsimire alipokuja, folda zilikuwa uchi, bila mshale.
Akazifungua moja moja. Hakucheka, alihesabu.
"Mliipata wapi?" nikamwuliza. "Intaneti hamna."
"Hatuna. Ni wewe ulikuja Januari
kutuwekea ya kuchapisha. Ulitumia ile."
Kidole chake kilionyesha shingo yangu.

Flashi nyekundu, kwenye uzi wa viatu,
yenye alama za meno ya mwanangu.
Niliichomeka kwenye mfumo mgeni.
Kilobaiti kumi na nne.
Tangu Novemba.

Ile methali ya nguoni ninaijua,
usinisomee.
Nilichukua daftari la wateja:
shule ya Nguba, duka la dawa la Nyawera,
karani wa Panzi, mapadri wawili, mpiga picha.
Mji mzima nimeutibu kwa sindano moja.

Pesa za Mama Nsimire nilizirudisha. Alizihesabu pia.
Kisha nikapiga namba ya kwanza.

"Alo, Baba Cirimwami. Mashini yenu inaendeleaje?"
"Vizuri sana, fundi! Jana tu imejipima. Kijani."
"Usiiguse," nikasema.
"Niko njiani."