Pambizoni

Miaka thelathini na mmoja, pale Miskolc,
Ottó amesahihisha gazeti kwa wino mwekundu:
nukta, herufi, jina la marehemu.
Samaki walipoelea mtoni
Boglárka alikiandika kiwanda kwa jina lake,
na Ottó hakugusa neno.

Kisha gazeti likanunuliwa.

Siku hizi habari hufika zimeshapikwa,
saa kumi na moja jioni, kutoka Budapest,
zile zile zinazokwenda Szeged na Győr,
mkato kwa mkato.
Boglárka anauza miwani.

Leo Ottó amekwama kwenye sentensi:
*Waziri ameumaliza umaskini.*
Sarufi haina dosari.
Kalamu inaning'inia.
Mwishowe anachora kiulizi kidogo
pambizoni,
akijua fika
mtambo hausomi pambizo.