Ghala Namba Mbili, Newala

Nilidhani kaja kuchaji simu ya mama yake.
Somoe binti Nampota, miaka tisa na miezi,
saksafoni mgongoni kama wengine wabebavyo mdogo wao,
kwa kanga, fundo kifuani.
"Fundi," akasema, "nataka albamu."

Mimi ni fundi redio. Nachomelea waya,
nafufua spika zilizonyeshewa.
Albamu nilizijua kwa majalada tu.

Msimu ulikwisha, ghala la chama likabaki tupu,
likinuka mafuta ya maganda na salfa ya mwaka jana.
Tukatundika magunia ukutani yameze mwangwi.
Mjomba wake Likapa akashika besi,
Mwalimu Chitanda akaketi kwenye kinanda
chenye funguo mbili bubu, akajifunza kuzikwepa.
Kitufe cha chini kidole cha mtoto hakikukifikia:
tukakifunga mpira wa manati.

Watu wakachungulia. "Mbona haimbi?"
"Maneno yako wapi, fundi, umeyafuta?"
Akatoa mdomo kwenye chombo:
"Nyimbo za maneno naimba shuleni."

Mwalimu anasema ni jazi, na kwa mbali, soli.
Soli naijua ya kiatu. Sikumbishia.
Imekanyaga vitu.

Kipande cha tatu kinaitwa Kitangari.
Kinashuka. Bibi yake alishuka hivyo alfajiri,
ndoo tupu ikimgonga goti, kabla ya mabomba.
Besi inashika njia, saksafoni inateleza kwenye kokoto,
na huko bondeni noti moja, nene, baridi,
inajaa taratibu.
Halafu kupanda.
Hapo nikavua spika za masikioni:
pumzi ilikuwa fupi kweli,
hakuigiza. Kilima kilikuwa kinampanda yeye.

Mvua ikanyesha kwenye cha tano. Tukaiacha.

Cha nane, katikati, akanyamaza.
Mapigo manne. Sita. Likapa akanitazama.
Nikadhani kasahau, na, Mungu anisamehe,
nikajisikia nafuu:
kumbe ni mtoto.
Akatema kiganjani jino la juu, la pembeni,
lililokuwa likilegea tangu kipande cha kwanza
na hakumwambia mtu.
Akamalizia na pengo. Sauti ikatoka na upepo kando yake,
kama mlango usioshika komeo.
Sasa jino jipya limeota, anakipiga safi,
nami nautafuta upepo ule siupati.

Akakimbia nje, akalirusha juu ya bati.
Kinasa sauti kilikuwa bado kinanasa.
Sikiliza hadi mwisho, usizime mapema:
tk, tk, linabingirika, linakwama kwenye mfereji.
Halafu mama yake, kwa mbali,
akiuliza nani kachukua kanga.