Hesabu ya Breki

Kwenye gereji ya Baldovino walinipa karatasi:
pedi za mbele, diski mbili, kazi ya mikono,
na chini kabisa, kwa wino mzito, jumla
iliyozidi mshahara wangu wa mwezi mzima
wa kuwapikia dengu watoto wa shule.

Niliikunja mara nne, nikaitia kwenye sidiria,
mahali ninapoweka mambo ya kufikiriwa baadaye,
nikateremka Valparaíso kwa gia ya pili,
breki zikilia kila kona kama paka aliyekanyagwa,
na mbwa wote wa kilima wakijua: Hortensia huyo, anarudi.

Kazi ya mikono. Maneno hayo yalinikaa kooni.
Mikono mimi ninayo.
Imemenya viazi gunia kwa gunia,
imemwosha mama siku ya mwisho,
imefungua mitungi ya gesi iliyowashinda
wanaume wenye misuli ya maonyesho.
Ya nini nikodi ya mtu?

Jumapili basi.
Mtaa wetu ni mteremko mtupu,
ila pale mbele ya kwa Eleuterio pana ubapa
wa kutosha gari moja na mbwa aliyelala.
Nikaweka tofali nyuma ya gurudumu, nikaweka la pili,
kisha la tatu, hilo la hofu tu.
Mpwa wangu Yerko akasoma maelekezo kwa sauti
kama anayesoma waraka kanisani:
"Legeza nati kabla hujainua gari."
Nilikuwa nimeshainua.
Tukashusha. Tukaanza upya.

Nati ya nne ilikataa katakata.
Nikapanda juu ya spana kwa miguu miwili,
kilo themanini na mbili za mpishi,
nikaruka kidogo, hivi, kama msichana mwenye kamba.
Ikalia kroo! Nikaenda chini mzimamzima.
Eleuterio akachungulia dirishani,
akafunga pazia kwa adabu.

Gurudumu lilipotoka nikaona.
Pedi imekwisha, chuma kinakula chuma,
kilichobaki ni chembamba kuliko sarafu.
Miezi mingapi nimeteremka kilima hiki
na wajukuu nyuma, sufuria mapajani mwao,
nikiongeza sauti ya redio nisisikie?
Na huko nako nilikuita kubana matumizi.
Nikakaa kwenye lami. Nikanyamaza
hata Yerko akaacha kusoma.

Sasa hesabu, maana dada yangu ameniuliza mara mbili.
Pedi na diski, dukani: robo ya ile jumla.
Jeki, ya kuazima.
Spana, mpya, na itabaki yangu hadi kaburini.
Boliti moja nilikata kichwa kwa pupa;
kupata mwenzake Jumatatu: nauli mbili na aibu.
Chakula cha Yerko, ambaye hula kama gereji nzima.
Taa mbili za mbele kutoka kwa muuza vyuma chakavu,
kwa sababu mtu akishashika spana hushikwa na tamaa;
moja inaangalia barabara, nyingine inaangalia kanisa.
Kilichobaki nimekitia kwenye kopo la kahawa.
Si kingi kama nilivyojigamba kwenye simu.

Jumanne, kabla hakujapambazuka,
nikapampu pedeli mpaka ikawa ngumu,
mara kumi, kumi na tano, zaidi ya nilivyosomewa.
Redio nikaizima.
Kona ya kwanza nikakanyaga: kimya.
Ya pili: kimya.
Ya tatu nikasimamisha gari bila sababu yoyote,
katikati ya mteremko, bandari chini ikiwaka taa.
Mbwa mmoja akainua kichwa, akanitazama,
hakunitambua.