Urefu wa Mpini

Alhamisi, saa mbili,
mvua ya barafu kali,
hatujala hata wali,
tumeketi ghorofani.

Kwetu hapa Takaoka,
duka la shaba la kaka
chini lilishafungika,
dadu tunazo mezani.

Mchezo wa kubuni tu:
kila mmoja ni mtu
asiyekuwa mwenzetu,
aishiye daftarini.

Mwamuzi wao ni mimi,
majoka nafuga kumi,
nikiulizwa sisemi
yanalala pango gani.

Tetsuo, fundi wa meno,
mchana ni mnong'ono,
usiku chuma mkono,
katana i kiunoni.

“Upanga,” hutuambia,
“ni roho ya kutembea,
harusini huingia,
mkuki u mlangoni.

Huchomoka kwa sekunde,
hukata kila upande,
siyo fimbo ya makonde
ya wakulima wa chini.”

Nami, kwa kupendelea,
upanga nikautia
alama za kuzidia,
tatu nzima, kitabuni.

Chizuru wa famasia
kimya alitusikia,
chungwa akijimenyea,
asijibu asilani.

“Bibi yangu,” akajibu,
“alifunza taratibu
wasichana wa karibu
naginata uwanjani.

Kimo chapita cha mtu,
na ubapa wenye kutu
umepinda kidogo tu,
kama nyusi ya usoni.

Basi niambie, bwana,
siku tutapokutana,
upanga wako, katana,
utanifikia lini?

Hujakunja goti lako,
ncha yagusa ugoko,
na ule ubingwa wako
wabaki huko alani.”

Nikasema, “Tupimane:
uwanja wazi, mwonane,
mazimwi yako manane
yashukayo mlimani.”

Chizuru akayafyeka,
matano yakaanguka
Tetsuo kabla kufika,
yalobaki mashakani.

Nikaleta pango sasa,
njia nyembamba kabisa,
mpini ukamtesa
kugongagonga darini.

Hapo katana ikawa
kisu kinachotakiwa,
mazimwi yakauawa
kama kuku wa jikoni.

Tetsuo akajivuna:
“Unaona? Unaona?”
Chizuru, bila kununa,
akarudi mlangoni.

“Kwa nini niyafuate?
Mlango huu nipate,
yakitaka yanipite,
moja moja, kwa foleni.”

Dadu ikabingirika,
kwenye ganda ikafika,
sote macho twayaweka,
ikalala ukingoni.

Ikasema: “Moja.” Basi,
mti ukakatwa, nasi
tukabaki na kiasi
cha gongo tu mkononi.

“Gongo nalo linatosha,”
akasema kwa bashasha,
zimwi moja kaangusha
kwa pigo moja puani.

Wiki ya pili, theluji
ilifunga kila mji,
akatuletea jaji
aliyefungwa shukani:

naginata ya bibiye.
Basi limkataliye,
kwa miguu ajiliye,
theluji i mabegani.

Tetsuo akaishika,
akataka kugeuka,
taa ikaning'inika,
vumbi likaja chaini.

“Kumbe,” akanong'oneza,
“mfupi naye aweza
jitu kubwa kulikwaza
lisikanyage uani.”

“Nawe, beba tu upanga.
Mti ukikatwa, kinga
sina; nami si mjinga
wa kukuacha nyumbani.”

Kifutio nikaleta,
ile tatu nikafuta,
ukurasa ukapata
tundu dogo pembezoni.

Hadi leo tundu lipo;
wakinisumbua hapo,
“Kipi bora?” wasemapo,
nachungulia tunduni.