Ndiyo ya Kuvutwa Ndani

Wiki ya kwanza nilimkamata kifua.
Nilimuuliza Evert kama amemeza dawa za asubuhi
naye akavuta hewa ghafla, midomo imebana,
fyuu, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi,
nami nikautupa mkoba, nikautafuta mshipa wa mkono,
nikahesabu, nikamwinamia, nikamwita jina.
Jikoni Gunvor akacheka hadi akaketi.
"Muuguzi wa kusini," akasema, "hiyo ni ndiyo."

Si kuguna, si kufyonza, wala si kushusha pumzi.
Ni kuipandisha:
mlango mdogo unaofungukia ndani.
Huku kaskazini, baridi ikishuka nyuzi thelathini chini ya sifuri,
mtu hafumbui kinywa kwa neno linaloweza kuvutwa.

Nikajifunza polepole, kama mtoto.
Kuna ndiyo ya kahawa, fupi.
Kuna ndiyo ya barafu ya mto imeshika, vuka tu,
nayo nusu hupita puani.
Kuna ndiyo ya yule binti aliyekwenda Göteborg
akaandika mara mbili,
ndefu, inayokaa kifuani
mpaka utake kumwambia: itoe, mzee, itoe.

Kikombe kikifunikwa juu ya kisahani, aliyekinywea ametosheka;
usimwongezee, utamuudhi.

Na pazia. Hilo hakuna aliyenifundisha.
Gunvor alilipandisha saa moja kamili,
pazia la jikoni, linalotazama mto,
na ng'ambo, kwa Birger, taa ya barazani ikazimika.
Nilidhani ni sadfa. Siku ya nne nikauliza.
"Hatusemezani," akasema, akikwangua sufuria.
"Tangu ile kesi ya nyavu. Mwaka wa sabini na nne."
Kisha, kama anayetaja bei ya unga:
"Nikichelewa nusu saa, atakuja."
"Amewahi kuja?"
"Sijawahi kuchelewa."

Februari, akachelewa.

Nilifika saa mbili na robo, magurudumu yakitafuna theluji.
Pazia lilikuwa chini.
Taa ya Birger ilikuwa bado inawaka, na kumekucha,
na juu ya mto mweupe mistari miwili ya skii
imenyooka kama iliyopigwa kwa rula;
haikupinda kwenda darajani.

Theluji ya mlangoni ilikwisha kuzolewa.
Beleshi limeegemea ukuta, mpini bado una joto la glavu,
au nilitaka uwe nalo.
Njia imechongwa toka barabarani hadi kizingitini,
pana kuliko njia ya mtu anayekwenda kuchukua barua.
Nikaipima kwa macho, nikaelewa:
upana wa watu wawili
na kile watakachokibeba kati yao.

Ndani, wazee wawili, meza moja.
Kofia ya Birger magotini, inachuruzika.
Pole nilikuwa nayo mimi, kinywani,
pole yangu ya chuoni, imepangwa, ina viituo vyake.
Nikaimeza.
Birger akainuka, akamimina kahawa vikombe vitatu,
akakichukua cha nne, chenye ufa wa buluu mdomoni,
akakifunika juu ya kisahani
taratibu, bila kukigonga.

Evert akakitazama.
Akavuta pumzi.
Sijui aliulizwa nini. Labda habari za nyavu.
Nilisimama na mkoba wangu
nikisubiri imtoke,
na kwa mara ya kwanza katika kazi hii
sikuhesabu.

Kesho yake niliwahi, nikazima gari nje, nikangoja gizani.
Saa moja ikapita. Dakika kumi. Kumi na mbili.
Kisha pazia likatikisika, likapanda mshazari,
pembe moja juu, nyingine imening'inia:
mkono usioijua ile kamba.

Ng'ambo, taa ikazimika.