Swali la Mia na Arobaini na Saba

Charleston, Virginia Magharibi, mwisho wa Julai

Mfuko wa plastiki usioficha kitu:
penseli nne, kitambulisho, vidonge vya kichwa,
ufunguo wa gari la dada yangu.
Saa ya mkononi, hapana. Simu, hapana.
Kofia, hapana, isipokuwa ya dini,
na dini nimeiacha garini pamoja na mkate wangu.

Mimi ni Verlene Stamper, miaka arobaini na tisa,
binti wa mchimba makaa aliyekohoa mpaka akaisha.
Kijana wa kulia kwangu anatafuna kucha
kama anayelipwa kwa kipande.
Hii ni mara yangu ya tatu. Yeye hajui.
Nimekaa wima ili asijue.

Kabla ya kiti hiki walinichambua kama mchele.
Kila nyumba uliyolala kwa miaka kumi, andika.
(Gari bovu lina anwani gani?
Niliandika: maegesho nyuma ya kanisa la Wabaptisti,
Februari hadi Aprili.)
Kila deni. Kila mwajiri. Kila faini.
Kaka yangu Dewey na vidonge vyake hawakuulizwa,
lakini nilimtaja, nikamfuta,
nikamrudisha tena, maana fomu ilidai uaminifu
na sikujua uaminifu huishia kwa nani.
Mtihani wa maadili niliufanya Machi, nikapita.
Maadili hayajanishinda. Kinachonishinda ni saa.

Jana tuliandika.
Asubuhi mafaili mawili, dakika tisini kila moja:
jifanye wakili mchanga, bosi anataka waraka,
na sheria ni za jimbo lisilokuwepo popote.
Mchana insha sita, nusu saa, nusu saa,
wosia, ubia, mtoto anayegombewa,
hadi vidole vikakataa kukunjuka.

Leo ni miduara. Mia asubuhi, mia mchana,
dakika moja na sekunde arobaini na nane kwa swali.
Watu humu hawana majina:
mwenye shamba, mnunuzi, mwizi, jirani.
Hawali, hawalii, hawana mama.
Mwenye shamba anauza, mnunuzi hasajili,
mnunuzi wa pili anakuja mbio na hati mkononi.
Napaka duara, nasonga. Napaka, nasonga.

Kisha mia na arobaini na saba.

*Mkulima aliiuzia kampuni kilicho chini ya ardhi yake,
akabaki na kilicho juu. Hati ilisajiliwa.
Miaka sitini baadaye kampuni inakuja na mashine.
Mjukuu anataka kuizuia. Je, atashinda?*

Namjua huyo mkulima.
Ni baba wa babu yangu. Alitia alama ya mkasi
kwa kuwa hakujua herufi,
senti hamsini kwa ekari,
na mtu wa kampuni akamwazima kalamu.
Nilipokuwa darasa la pili kisima kiligeuka rangi ya chungwa.
Bibi aliendelea kufulia maji yale;
mashuka yetu yalinuka misumari.

A: Ndiyo, kwa kuwa mkulima hakuelewa.
B: Ndiyo, kwa kuwa kisima kimeharibika.
C: Hapana, kwa kuwa hati ni halali.
D: Hapana, kwa kuwa mjukuu amechelewa.

A ingekuwa ya bibi, na mkono wake ungepiga meza.
Mwaka juzi, swali la namna hii,
niliweka A. Nilijua ninachofanya.
Nilifeli kwa alama nne.

Msimamizi anapita, viatu vyake vya mpira vinalia.
Dakika yangu imekwisha, naila ya swali lijalo.
Wanasema sheria ni msumeno.
Hawasemi mpini hushikwa na nani.

Nikapaka C.
Nikaipaka taratibu, bila kutoka nje ya mstari,
mpaka risasi ya penseli ikang'aa
kama kipande cha makaa kilicholowa,
nikageuza ukurasa.

*Mwizi anaingia ghalani usiku,
lakini mlango ulikuwa wazi.*