Mvua ya Njiani

Mzee Onzima hakunipa kitabu.
Alinipa koleo, na ubeti mmoja
alioutunga mwenyewe juu ya ngazi,
nyuma ya posta ya Arua, akauandika
kwenye karatasi ya pakiti ya sigara:

    Biti ni ndiyo na siyo, ni moja au sifuri,
    Nane ni baiti hiyo, fungu moja la safari,
    Kasi ni wingi wa hayo, sekunde moja, fikiri,
    Laini haina moyo, hubeba tu, haikiri.

Niliukariri nikichubua nyaya. Jozi ya shaba,
ya bluu na nyeupe, zimesokotwa
zisije zikadukua maongezi ya jirani.
"Humu ndani," akasema, "wamechonga njia tatu.
Mbili pana, za maneno au data, upendavyo.
Ya tatu nyembamba, kazi yake kupiga hodi."
Hilo lilinipendeza: hodi kuwa na kichochoro chake,
isikanyagane na salamu.

Kwa masista wa Ediofe tulifunga modemu.
Ililia kama mbuzi aliyebanwa na lango,
ikanyamaza ghafla. Wameelewana, akasema,
biti elfu ishirini na nane na ushei kwa sekunde.
Picha ya askofu ikaanza kuteremka toka kwenye kofia;
ilipokaribia kidevu umeme ukakatika.

Dada yangu Adiru aliolewa Nebbi.
Kwenye laini ya zamani, ile ya analojia,
alikuja na mchakacho, na mtu wa tatu akikohoa,
na mvua: si ya kwake, ya njiani,
iliyopenya viungo vya nyaya pale Bondo.
Nikisikia ile chwaa chini ya sauti yake
nilimwambia ngoja, nikatoka kuanua nguo.
Onzima aliita yote hayo kelele.
Akanionyesha mashine inayoikata sauti
vipande elfu nane kwa sekunde,
ikampa kila kipande namba,
ikazituma namba, basi.

Onzima sasa yuko Vurra, hasikii sikio la kulia.
Shaba iliuzwa kwa kilo.
Namba hupita ndani ya uzi wa kioo
chini ya barabara, na Adiru huja mkavu,
karibu mno, kana kwamba ameketi jikoni kwangu.

Jana nilimwuliza, "Jakisa amerudi?"

Zamani ningelaumu njia.
Lakini kuchelewa kwa laini ndiyo kazi yangu,
nakupima kila asubuhi: Arua hadi Nebbi na kurudi,
milisekunde arobaini, siku mbaya hamsini.
Adiru alinyamaza sekunde tatu.

Nilitoa arobaini.
Zilizobaki zilikuwa zake.

"Amerudi," akasema,
na nje mvua, bila hodi,
ilikuwa imeshafika kwenye nguo.